Kiinua Mgongo

Mama alistaafu ualimu mwaka juzi, baada ya miaka 34 ya kusimama mbele ya ubao. Kiinua mgongo chake kilipoingia benki alitupigia simu wanawe mmoja mmoja, akacheka na kusema kwamba sasa ataunyoosha mgongo kweli. Alikuwa anatania. Miezi minne baadaye sehemu ya fedha zile ilikuwa imeishia mgongoni mwake kwa maana halisi, na aliyempeleka huko ni mimi.

Maumivu ya Mama tunayajua nyumbani tangu nikiwa darasa la tano. Huanzia kiunoni, hushuka kwenye paja la kushoto, huishia nyuma ya goti. Bibi alipokuwa hai alikuwa akimchua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Mikono ya Bibi ilijulikana mtaani. Mtoto akianguka kutoka kwenye mwembe na kifundo kikateguka, aliletwa kwetu kabla ya kupelekwa kwingine. Lakini Bibi alikuwa na mipaka yake. Ukimletea mtoto mwenye homa, hakumgusa. Alikuambia uende zahanati, tena upesi.

Bibi alipofariki, Mama alibaki na vidonge vya maumivu. Mwaka juzi nilianza kuona kwenye simu yangu video za watu wakinyooshwa shingo na mgongo. Mgonjwa analala kifudifudi, mtaalamu anaweka viganja, anasukuma mara moja, unasikika mlio, mgonjwa anainuka akitabasamu. Niliziangalia kwa wiki kadhaa. Kisha nikatafuta kliniki ya aina hiyo mjini, nikampeleka Mama.

Ukutani mwa chumba cha kusubiria kulikuwa na bango. Lilikuwa na mchoro wa uti wa mgongo wenye pingili zilizopakwa rangi, na kutoka kila pingili mstari ulikwenda kwenye kiungo cha mwili na orodha ya maradhi. Pingili za shingo: kichwa, macho, masikio, shinikizo la damu. Za kifua: moyo, mapafu, ini. Za kiuno: kibofu, uzazi, miguu. Kijana mwenye koti jeupe alipitisha kifaa kidogo chenye magurudumu mgongoni mwa Mama, na kwenye kompyuta zikatokea rangi nyekundu na kijani. Akatueleza kwa upole kwamba pingili ya juu kabisa ya shingo imehama kidogo, inabana mishipa ya fahamu, na kwamba huenda hiyo ndiyo asili ya presha ya Mama. Alihitaji kurudi mara 24.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya historia. Kazi ninayofundishwa ni kuikuta karatasi na kuiuliza: umetoka wapi, nani alikuandika, alitaka nini? Siku ile sikuliuliza bango lile swali hata moja. Nilitoa simu nikalipa malipo ya kwanza.

Wiki ya sita nilikwenda nyumbani bila taarifa. Kwenye droo ya kabati nikakuta dawa za presha za mwezi mzima, pakiti hazijafunguliwa. Hakuna aliyemwambia waziwazi aache. Lakini ukishaelezwa kwamba chanzo kinarekebishwa, kidonge cha nini? Tulikwenda zahanati, mashine ikasoma 182 kwa 110. Nesi akamuuliza mara mbili kama kichwa kinamuuma. Njiani kurudi Mama alinyamaza, kisha akasema, "Si wewe uliyenipeleka?"

Ndipo nilipoanza kuliuliza bango.

*

Nasaba yake ni rahisi kuifuata, kwa sababu fani hii ina tarehe ya kuzaliwa, mji na hata jengo. Inaitwa kairopraktiki. Ilizaliwa Septemba 18, 1895, Davenport, mji wa kando ya mto Mississippi katika jimbo la Iowa, Marekani, ndani ya jengo lililoitwa Ryan Block.

Baba yake ni Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada wa mwaka 1845. Kabla ya kuanza kutibu watu alikuwa amefundisha shule, amefuga nyuki na kuuza duka la vyakula. Miaka ya 1880 akawa mganga wa sumaku. Waganga hao walifuata imani ya Franz Mesmer, tabibu wa karne ya 18, kwamba kuna nguvu isiyoonekana inayoweza kupitishwa kwa mikono kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Tusimcheke haraka. Daktari mwenye cheti wa zama zile aliweza kukupa kalomeli, dawa yenye zebaki, ukatokwa mate na kulegea meno. Mgonjwa aliyewekewa mikono mitupu na kuachwa apumzike huenda alikuwa na bahati.

Katika jengo hilohilo alifanya kazi ya usafi mtu mmoja mweusi aliyeitwa Harvey Lillard. Lillard alikuwa na tatizo kubwa la kusikia kwa miaka 17. Kwa maelezo ya Palmer, Lillard alimweleza kwamba siku moja alikuwa ameinama mahali pembamba akijikaza, akasikia kitu kikiachia mgongoni, na tangu hapo masikio yakaziba. Palmer akampapasa, akakuta pingili ya mgongo wa juu imekaa upande, akaisukuma, na Lillard akasikia tena.

Jina la ufundi huo lilipatikana mwaka uliofuata. Mchungaji Samuel Weed, mmoja wa wagonjwa wa Palmer, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la mkono na la kutenda. Mwaka 1897 Palmer akafungua shule. Mwaka huohuo akachapisha ushuhuda wa Lillard katika gazeti lake la kutangaza huduma.

Nilisimama hapo kwa muda mrefu, kwa sababu ushuhuda huo ndio karibu sauti pekee ya Lillard tuliyonayo, na imetufikia kupitia karatasi ya mtu aliyekuwa akiuza tiba. Miaka mingi baadaye binti yake alisimulia alivyoambiwa na baba yake. Lillard alikuwa ukumbini akimpigia mtu soga, Palmer akasikia kichekesho, akafurahi akampiga mgongoni kwa kitabu alichoshika. Siku chache baadaye Lillard akasema anaona anasikia vizuri kidogo. Habari hizo mbili zina mgongo mmoja, ila moja ni uvumbuzi na nyingine ni ajali ya kicheko. Kilichotufikia ni maneno. Hakuna kipimo cha masikio yake, cha kabla wala cha baada.

Kuna jambo jingine, na hili daktari wa mwaka 1895 angeweza kulisema. Mshipa wa fahamu unaobeba sauti haupiti mgongoni kabisa. Ni wa nane kati ya jozi 12 za mishipa inayoungana na ubongo moja kwa moja. Unatoka sikio la ndani, unapenya mfupa wa fuvu, unaingia kwenye shina la ubongo. Pingili ya mgongo wa juu haiwezi kuubana, kama vile bomba lililopinda Mbagala lisivyoweza kukata maji ya nyumba iliyoko Tegeta.

*

Baada ya Lillard alikuja mgonjwa wa moyo. Palmer alisimulia kwamba alimkuta naye na pingili iliyohama, akaisukuma, mgonjwa akapata nafuu. Hapo ndipo akauliza swali ambalo, kwangu mimi, ndilo mbegu ya bango lote. Ikiwa magonjwa mawili yasiyofanana, uziwi na moyo, yametokana na pingili kubana mishipa ya fahamu, kwa nini mengine yasitokane na hiyohiyo?

Watu wawili. Kutoka hapo alifika mbali. Katika kitabu kikubwa alichotoa mwaka 1910 alidai kuwa asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama, na yaliyobaki husababishwa na viungo vingine vilivyohama. Aliamini kuna akili ya asili inayoendesha mwili kupitia mishipa ya fahamu, na kwamba pingili ikikaa vibaya ujumbe wake huvurugika. Hali hiyo ya pingili ikaja kuitwa sabluksesheni. Madaktari walikuwa wakilitumia neno hilo kwa kiungo kilichotoka nusu mahali pake, jambo unaloweza kuliona kwa macho au, baadaye, kwa eksirei. Bibi angesema kimeteguka. Lakini sabluksesheni ya Palmer ilikuwa ndogo mno, na watu wawili waliofundishwa shule moja waliweza kupapasa mgongo mmoja wakatofautiana ilipo.

Inashangaza kwamba eksirei ziligunduliwa na Wilhelm Röntgen Novemba mwaka uleule wa 1895, wiki chache tu baada ya kisa cha Lillard. Mwaka 1910 mashine hiyo ilikuwa imeshafika shule ya Davenport. Mtu angetazamia kwamba picha ya mfupa ingemaliza ubishi. Haikuumaliza. Migongo ya watu wazima wengi, wenye maumivu na wasio nayo, ina vijipindo na uchakavu wa namna fulani. Ukiitafuta kasoro utaipata, na ukishaipata ni rahisi kuibebesha ugonjwa wowote uliomleta mgonjwa.

*

Kwa nini wazo likae zaidi ya karne moja? Nilipoanza nilidhani jibu litakuwa ujinga au ulaghai. Nilichokikuta kwanza ni mahakama.

Mwaka 1906 Palmer alishtakiwa kwa kutibu bila leseni. Akahukumiwa kulipa faini ya dola 350 au kwenda jela. Alichagua jela, akakaa siku 23 kabla ya kuamua kulipa. Mwaka uliofuata, katika mji wa La Crosse jimbo la Wisconsin, alishtakiwa Shegataro Morikubo, Mjapani aliyesoma shule ya Davenport. Kosa lake lilikuwa kufanya kazi ya osteopathi bila leseni. Osteopathi ni fani jirani, iliyoanzishwa na Andrew Taylor Still huko Missouri, nayo pia hutumia mikono juu ya mifupa.

Wakili wa Morikubo, Tom Morris, alijenga utetezi juu ya tofauti. Osteopathi inashughulikia mzunguko wa damu, kairopraktiki inashughulikia mishipa ya fahamu. Ina falsafa yake, ina istilahi zake, kwa hiyo si osteopathi na si udaktari. Baraza likamwachia huru.

Nadhani hapa ndipo wazo la pingili na neva lilipobadilika kazi. Lilikuwa dhana ya mtu mmoja kuhusu mwili; sasa likawa ngao. Mtaalamu aliyeulizwa na hakimu kama anatibu magonjwa angeweza kujibu kwamba hatibu ugonjwa wowote, anarekebisha pingili, na mwili unajiponya wenyewe. Kuliacha wazo hilo kungekuwa kukiri kwamba wewe ni daktari usiye na leseni. Watu wengi walikwenda jela kwa ajili ya fani hii katika miongo iliyofuata, na mtu aliyelala jela kwa ajili ya neno hawezi kulitupa kirahisi. Kansas ilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya kuwapa leseni, mwaka 1913. Louisiana ilikuwa la mwisho, mwaka 1974.

Palmer alifariki mwaka 1913 huko Los Angeles, kwa homa ya matumbo. Shule ilikuwa imeshakuwa mikononi mwa mwanawe, Bartlett Joshua, aliyejulikana kwa herufi mbili tu, B.J. Baba na mwana hawakupatana. Mzee alikuwa mtu wa mawazo, mwana alikuwa mtu wa soko. Mwaka 1922 B.J. alinunua kituo cha redio kilichoitwa WOC, wakati redio yenyewe ingali kitu kipya. Miaka kumi baadaye kijana mmoja, Ronald Reagan, alipata hapo kazi ya kutangaza michezo. Ni shuleni kwake pia, mwanzoni mwa karne ya 20, ulipofundishwa mfumo wa kuugawa mwili kanda kwa kanda, kila pingili na viungo vyake. Nilipouona mchoro wake nilicheka peke yangu maktabani. Rangi zilikuwa tofauti, lakini nilikuwa ninalitazama lile bango.

Kifaa cha magurudumu nacho kina babu. Mwaka 1924 B.J. alitangaza nyurokalomita, kifaa kilicholinganisha joto la upande wa kulia na wa kushoto wa uti wa mgongo. Alisema kinaonyesha mahali ambapo neva imebanwa. Hakukiuza, alikikodisha, na kodi yake ikapanda mpaka zaidi ya dola 2,000, wakati mfanyakazi wa kawaida wa Marekani hakuzipata fedha hizo kwa mwaka. Wafuasi wengi waliasi. Baadhi ya walimu wake mwenyewe waliondoka na kuanzisha chuo chao Indianapolis mwaka 1926. Joto la ngozi hakika hutofautiana upande na upande, kwa sababu nyingi, pamoja na namna ulivyokaa kwenye kiti kabla ya kupimwa. Mama alikuwa amekaa kwenye daladala kwa saa nzima, bega la kulia likiwa dirishani.

*

Ningependa kuishia hapa, na hasira yangu ikiwa safi. Lakini historia haikunipa nafasi hiyo.

Kwanza, kwa sababu wazo la Palmer lina chembe ya kweli ya zamani sana. Katika karne ya pili, mjini Rumi, Galen alitibu msomi mmoja aliyeitwa Pausanias. Vidole vyake viwili vya mwisho na nusu ya kidole cha kati vilikuwa vimekufa ganzi. Matabibu wengine walikuwa wakipaka dawa vidole. Galen aliuliza kama aliwahi kuanguka, akaambiwa ndiyo, kutoka kwenye gari la farasi, na akajigonga karibu na shingo. Akaacha vidole akatibu shingo. Na mwaka 1934, William Mixter na Joseph Barr wa Boston walichapisha makala iliyoonyesha kwamba diski iliyopasuka kati ya pingili mbili inaweza kugandamiza mzizi wa neva na kuleta maumivu yanayoshuka mguuni. Hilo linaonekana kwenye picha, linaonekana kwenye upasuaji, na dalili zake zinafuata njia ya neva husika. Niliposoma habari hiyo nilimwona Mama, kiuno, paja la kushoto, nyuma ya goti.

Kwa hiyo neva hubanwa kweli. Kinachobishaniwa ni kama pingili iliyohama kidogo, bila diski kupasuka wala mfupa kuvunjika, huibana, na kama kufanya hivyo huleta presha, kisukari au uziwi. Mwaka 1973 Edmund Crelin, mwalimu wa anatomia Chuo Kikuu cha Yale, alichukua migongo sita ya watu waliokuwa wamefariki muda mfupi, akaifunga kwenye mtambo na kuipinda huku na huku. Mfupa haukuigusa neva mpaka alipotumia nguvu ya kuuvunja uti wenyewe. Na hata bila mtambo wa Yale, tunao ushahidi karibu. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza. Daktari wa upasuaji wa figo huunganisha mishipa ya damu na mrija wa mkojo. Neva za figo haziunganishi, na figo inafanya kazi. Kama afya ya kila kiungo ingetegemea ujumbe unaopita katikati ya pingili, wagonjwa hao wasingepona.

Pili, wale waliokuwa upande wa sayansi hawakupigana kwa sayansi peke yake. Mwaka 1963 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliunda kamati ya kupambana na utapeli wa tiba, na shabaha yake kubwa ilikuwa kuibana kairopraktiki mpaka iishe. Madaktari walizuiwa kushirikiana na wataalamu hao na kupelekeana wagonjwa. Mwaka 1976 Chester Wilk na wenzake walikwenda mahakamani Chicago. Mwaka 1987 jaji Susan Getzendanner alikuta chama hicho kimevunja sheria ya ushindani wa biashara, na mwaka 1990 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Jaji alieleza pia kwamba hukumu yake si cheti cha kuthibitisha kairopraktiki. Watu wengi husoma nusu moja tu ya hukumu hiyo, kila mmoja nusu inayompendeza.

Tatu, mikono yenyewe si bure. Mwaka 2017 chuo cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo wa maumivu ya kiuno. Kilishauri kuanza na tiba zisizo dawa, na kunyoosha mgongo kwa mikono kumo katika orodha, pamoja na joto, kuchua na mazoezi. Faida yake ni ya kadiri, lakini ipo. Ule mlio wenyewe, niliokuwa ninaungoja kwenye video, si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi katika majimaji ya kiungo, ileile inayolia ukivunja vidole. Shingo inahitaji tahadhari zaidi, maana katika pingili zake hupanda mishipa ya damu inayolisha ubongo, na wapo wagonjwa waliopata kiharusi baada ya shingo kuzungushwa kwa nguvu. Wataalamu bado wanajadiliana ni mara ngapi shingo ndiyo iliyokuwa chanzo.

Na ndani ya fani hiyo wengi wameshaliacha bango. Mwaka 2010 baraza linalosimamia kairopraktiki Uingereza lilitamka kwamba sabluksesheni ni dhana ya kihistoria, na kwamba hakuna ushahidi wa utafiti wa kitabibu unaoonyesha kuwa husababisha magonjwa. Waliotamka hivyo hawakuwa maadui. Walikuwa wasimamizi wa kairopraktiki wenyewe.

*

Niliyabeba yote haya nikaenda nayo nyumbani mwishoni mwa muhula. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza na Galen.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza watoto wanaosoma kwa sauti. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe umeusoma mgongo, mimi ninaubeba. Yule kijana alinigusa. Hospitali nimekaa foleni tangu saa moja, daktari akaandika bila kuniangalia. Yule aliniuliza nalalaje."

Sikuwa na jibu. Ni jambo ambalo halimo katika makala ya Crelin wala ya Mixter, na pengine ndilo lililoiweka hai fani ile miaka yote kuliko hata mahakama. Palmer alimpapasa mfagizi mweusi mwaka 1895, katika nchi ambayo mwaka uliofuata mahakama yake kuu ilibariki ubaguzi katika mabehewa ya treni. Siwezi kujua Lillard alijisikiaje. Najua Mama alijisikiaje.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Kliniki ilikuwa imempigia simu. Walitaka aje warekodi video fupi, aeleze alivyofika na alivyo sasa, na wangempunguzia bei ya awamu ya pili. Alikuwa bado hajawajibu.

"Na yule mtu wa masikio," akaniuliza, "walimpima?"

"Nani, Mama?"

"Mfagizi wako. Walimpima masikio?"

Nikamwambia kilichobaki ni maneno yake tu, na yalichapishwa na aliyemtibu.

Mama alifundisha hesabu kwa miaka 34. Alitikisa ungo, akapuliza makapi, akasema mwanafunzi akimletea jibu bila njia, yeye haweki vema hata kama jibu linafanana na la kitabuni.

Hakwenda kurekodi. Lakini pia hakuniambia kwamba nina haki, na sitaandika kana kwamba aliniambia. Kwa ile nafuu ya kiuno anasema aliipata na hataikana. Tulikwenda pamoja kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya mkoa, naye akamgusa, akamuuliza analalaje, akamfundisha mazoezi manne. Anafanya matatu. La nne anasema halimfai mtu mzima aliyevaa kanga.

Dawa za presha sasa zinakaa mezani kando ya chumvi, mahali ambapo mtu hawezi kuzisahau. Kila Jumapili jioni ananitumia picha ya mashine ya kupimia tuliyomnunulia. Jumapili iliyopita ilisoma 138 kwa 86. Chini ya picha alikuwa ameandika tarehe, saa na mkono aliopimia, kushoto.